Unapomnyamazisha Mtoto, Unamnyamazisha Nani?

Watoto wawili wamepanga viti vinne mstari mmoja sebuleni, wameviita treni. Sakafu ni ya vigae. Kila treni inapoondoka kituoni kiti cha mbele kinaburutwa, miguu yake inakwaruza, na dereva wa miaka mitano anapiga honi kwa koo lake lote. Mezani, hatua tatu kutoka hapo, mtu mzima anajaza fomu. Honi ya kwanza inamfanya ainue macho. Ya pili inamuumisha meno. Ya tatu inapolia, kabla hata hajajua kwamba amesimama, ameshafoka: "Nyamazeni! Nyumba hii mmeifanya uwanja wa mpira?" Watoto wanaganda. Viti vinarudishwa. Kimya kimerejea, lakini moyo wake bado unadunda, viganja vimelowa jasho, na maandishi ya ile fomu yanampita tu machoni.

Ukipima sauti ya chumba kile utapata desibeli 80 hivi, pengine zaidi kidogo honi inapolia. Mtu huyohuyo anaweza kukaa saa mbili kwenye uwanja wa mpira wa kweli, penye kelele kubwa kuliko hiyo, akashangilia na kurudi nyumbani ametulia. Basi ukubwa wa sauti peke yake hauielezi hasira ile. Kinachoieleza ni maana ambayo sauti ya mtoto ilipewa zamani, katika nyumba nyingine, wakati yeye ndiye aliyekuwa dereva wa treni. Mtu aliyelelewa kwa ukali mara nyingi anapomnyamazisha mtoto huwa anazima hofu yake mwenyewe. Asipolijua hilo, atapambana na watoto miaka na miaka bila kukigusa kinachomsumbua.

Namna hofu hiyo inavyoingia inajulikana vizuri. Mwaka 1920, nchini Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto wa miezi 11 panya mweupe, na kila alipomgusa wakapiga nyundo kwenye chuma nyuma ya kichwa chake. Baada ya kurudia mara chache mtoto akaanza kulia kwa kumwona panya tu, bila nyundo, na hofu ikaenea hadi kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Jaribio hilo lilikuwa la kikatili na leo lisingeruhusiwa, lakini lilionyesha jambo ambalo wahenga walikwisha kulisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika nyumba kali funzo ni lilelile, ila kelele imehama upande. Kelele ndiyo ishara, na adhabu ndiyo inayoifuata. Mtoto anacheka kwa nguvu, mlango unafunguliwa, kofi. Anaangusha kitu, jina lake linaitwa kwa ile sauti anayoijua. Ikirudiwa kwa miaka kumi, mwili haungoji tena adhabu. Unaanza kujihami pale kelele inapoanza, hata kama aliyekuwa akiadhibu alishazikwa.

Zaidi ya kukaa kimya, mtoto wa nyumba hiyo hujifunza kusikiliza. Anaujua mlio wa ufunguo wa baba akiwa na furaha na mlio wake akiwa na hasira. Anazitambua nyayo, kikohozi, kishindo cha kikombe kinapowekwa mezani. Mwaka 2002 Seth Pollak na mwenzake walichapisha utafiti uliowapa watoto picha za nyuso zilizoanza zikiwa na ukungu na kuwa wazi kidogo kidogo. Watoto waliowahi kupigwa na kuumizwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Huo ni ustadi, na ulimlinda aliyekuwa nao. Tatizo ni kwamba sikio lililonolewa hivyo haliwi butu kwa sababu tu mwenyewe amehamia kwake na ana watoto wake. Linaendelea kulinda mlango ambao hakuna tena anayeingia kwa hasira.

Katika familia hizo yuko mtoto mmoja anayestahili kutazamwa peke yake, naye ni yule aliyekabidhiwa wadogo zake, aghalabu kifungua mimba. "Wanyamazishe wenzako kabla sijaja mimi." Wadogo wakipiga kelele, anayeulizwa ni yeye, na pengine anayechapwa ni yeye. Alifanywa askari wa kimya akiwa na miaka minane. Ukubwani mtu huyu hutaabika kwa kelele za watoto ambao hata si wake. Akiwa kwenye basi au kwenye foleni ya hospitali, mtoto wa mtu mwingine akianza kupiga mayowe, yeye ndiye anayetokwa na jasho, akiangalia huku na huku kana kwamba sasa hivi atakuja mtu kumuuliza kwa nini hajamtuliza. Wengi wao hujiona wana roho mbaya, hawapendi watoto. Wanawapenda. Ile zamu ya ulinzi ndiyo ambayo hakuna aliyewaambia kwamba imekwisha.

Tuwe waadilifu, hata hivyo: si kila kero ya sikio imetokana na fimbo. Sauti ya mtoto anayepiga mayowe ina sifa zake. Mwaka 2015 kikundi cha Luc Arnal na David Poeppel kilionyesha kwamba mayowe ya binadamu hupanda na kushuka kwa kasi sana, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na mkwaruzo huo huamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari, kuliko sauti za kawaida. Tena sikio la binadamu husikia vizuri zaidi masafa ya herzi 2,000 hadi 5,000, na humo ndimo sehemu kubwa ya makali ya mayowe ilimo. Maumbile yameweka kengele hiyo kwa kila mtu, aliyelelewa kwa upole na aliyelelewa kwa kiboko. Anayekosa usingizi, mwenye kipandauso na anayeanza kupoteza usikivu wote huumizwa na kelele kuliko kawaida. Wapo pia wenye misofonia, ambao sauti fulani ndogondogo, kama kutafuna au kuvuta kamasi, huwatia hasira kali hata zikitoka kwa mtu mzima.

Namna ya kutofautisha ni kujiuliza mambo matatu. Je, mashine yenye kelele sawa na ya watoto inakukera vilevile? Kama ndiyo, anza na sikio, usingizi na kichwa, uende ukapimwe. Je, kicheko cha watoto kinakuudhi sawasawa na ugomvi wao, au hata zaidi? Hapo malezi yananuka, kwa sababu kicheko hakina hatari yoyote isipokuwa kwa mtu aliyefunzwa kwamba furaha ya sauti kubwa huishia kwa kilio. Na je, hasira inapanda zaidi kukiwa na watu wanaotazama? Basi unaogopa hukumu, na hukumu hiyo ina umri mkubwa kuliko mtoto aliye mbele yako.

Neno "ukali" nalo lina watu wawili ndani yake. Diana Baumrind, aliyeandika kuhusu mitindo ya malezi kuanzia miaka ya 1960, alitenganisha mzazi anayeamrisha bila maelezo na bila kusikiliza na mzazi mwenye masharti thabiti anayeeleza sababu na kumkumbatia mtoto. Kwa mtu wa nje wote wawili ni wakali. Ndani ya nyumba tofauti yao ni kubwa. Mtoto aliyeambiwa "saa nane hadi saa tisa bibi analala, tunacheza nje" alikatazwa kelele, lakini alijua lini, wapi na kwa nini, na alikuwa na mahali pa kupigia kelele zake. Huyo hakui na kengele mwilini. Anayekua nayo ni yule ambaye kelele ileile ilipita bila neno Jumatatu na ikamletea mkanda Jumanne. Kwa tathmini yangu, kutotabirika huku ndiko kunakoharibu zaidi kuliko wingi wa masharti.

Watu waliotoka katika nyumba za namna hiyo hawafanani ukubwani. Mmoja hufoka kama alivyofokewa, na huyu ndiye anayezungumzwa sana. Mwingine huondoka: kelele zikianza anapata shughuli nje au anaingia na simu chooni, na watoto wanakua wakijua kwamba uchangamfu wao humfukuza mzazi. Lakini yuko wa tatu, anayesifiwa, na huyo ndiye ninayetaka tumkazie macho.

Wa tatu aliapa. Alisema mimi sitamfokea mwanangu kamwe. Mfuatilie jioni moja. Saa kumi watoto wanaanza kurukaruka kwenye kochi, naye anatabasamu. Saa kumi na dakika ishirini anasema, bila kuinuka, "Jamani, taratibu." Hakuna kinachobadilika. Saa kumi na nusu anasema tena, kwa sauti ileile laini, "Nimewaambia nini?" Ndani, mabega yamepanda mpaka masikioni na pumzi imekuwa fupi. Saa kumi na dakika hamsini glasi inayumba mezani, wala haianguki, naye analipuka kwa maneno ambayo mwenyewe hakujua kwamba bado anayo. Usiku anakaa kando ya kitanda cha mtoto aliyelala, akijilaani, akiapa upya.

Makosa yake hayakuanza saa kumi na dakika hamsini. James Gross na Robert Levenson walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu akizuia hisia isionekane usoni, uso hutulia kweli, lakini vipimo vya mwili, kama jasho la ngozi, huonyesha mwili uko macho zaidi kuliko wa yule asiyezuia. Kwa hiyo ile subira ya dakika hamsini haikupunguza kitu, ilikuwa ikipandisha. Sasa itazame jioni hiyohiyo kwa macho ya mtoto. Amesikia sentensi mbili za upole ambazo hazikufuatwa na lolote, halafu radi. Hakuona hatua za katikati, maana zote zilifichwa. Kwake, mzazi huyu hatabiriki. Mtu aliyeapa kutorudia alichotendewa amekirudia kile kilichomuumiza zaidi, yaani kutojua lini pigo litashuka, ingawa hajainua mkono.

Dawa yake ni kuweka mpaka mapema, hasira ikiwa bado mbili kwa kumi. Ainuke saa kumi na dakika tano, awakaribie na kusema: "Kochi si la kurukia. Rukeni kwenye godoro chumbani." Kisha awapeleke hadi kwenye godoro. Kwake yeye hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu alikokulia hakuwahi kumwona mtu akikataza jambo bila ghadhabu. Kwake katazo na ghadhabu ni kitu kimoja, hivyo anaogopa vyote viwili. Inabidi ajifunze kukataza akiwa ametulia, mara nyingi, kwenye mambo madogo, kama mtu anayejifunza lugha.

Hapa ndipo ule msemo unaotumiwa kutetea ukali unapohitaji kusomwa upya. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa kawaida tunamtupia mzazi dhaifu. Lakini maneno yenyewe yanamtaja anayeogopa kilio cha mtoto, na katika hilo mfokaji yumo pia. Anayemfokea mtoto ili anyamaze upesi hakivumilii kilio, sawa na anayempa kila kitu ili anyamaze upesi. Wote wanataka sauti ikome kwa sababu ya kile inachowafanyia wao. Asiyeichelea sauti ya mwana ni yule anayeweza kuisikia hadi mwisho akajua inataka nini.

Kwa nini basi kufoka kunadumu, wakati hata mfokaji mwenyewe hukuchukia? Kwa sababu kunalipa papo hapo. Gerald Patterson, aliyetumia miaka mingi kuangalia familia majumbani mwao, alieleza mzunguko huo: kelele inamkera mzazi, mzazi anafoka, kelele inakoma, na ule unafuu wa sekunde chache unamfundisha mzazi kufoka tena. Watoto nao hujifunza kwamba sauti ya kawaida haina maana, kwa kuwa jambo la kweli huja na mfoko. Wiki hadi wiki inabidi sauti iongezwe ili ifanye kazi ileile. Tena kuna jambo la sauti yenyewe: mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu huinua sauti bila kukusudia anapozungumza mahali penye kelele. Watoto wanne chumbani hupandishana hivyo, na mtu mzima anayefoka ili awazidi anawaongezea ngazi. Wakinyamaza, ni kwa hofu, na hofu inapochuja wanarudi pale alipowafikisha.

Sehemu ya kelele hizo, isitoshe, ni kufikiri. Lev Vygotsky aliona kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi saba hujisemesha kwa sauti anapofanya kazi ngumu, na kazi ikizidi ugumu maneno yanaongezeka. Baadaye maneno hayo huingia ndani na kuwa fikra za kimya. Dereva wa treni anayetangaza "sasa kituo, sasa abiria, wewe kaa nyuma" anapanga mambo kichwani, ila kichwa chake bado hakina mlango. Ukimwambia acheze kimya unamwondolea kifaa cha kazi. Si ajabu kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliutaja mchezo kuwa haki, katika kifungu cha 31. Ujerumani ilifika mbali zaidi: mwaka 2011 ilibadilisha sheria yake ya mazingira ili kelele za watoto katika vituo vya kulelea na viwanja vya michezo zisihesabiwe, kwa kawaida, kuwa uchafuzi.

Lakini mtu atasema: mimi nilichapwa nikinyamazishwa, na sikuharibika. Sentensi hiyo hustahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ndani yake mtu anawatetea wazazi wake. Inawezekana kabisa hakuharibika. Mwaka 1987 Joan Kaufman na Edward Zigler walikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya walioumizwa utotoni huwaumiza watoto wao. Maana yake wengi hawarudii. Kinachowatenga wanaorudia na wasiorudia kilielezwa vizuri na Selma Fraiberg na wenzake mwaka 1975, katika kazi yao na wazazi wa watoto wachanga. Wazazi waliorudia waliweza kusimulia kipigo hatua kwa hatua, siku, chombo, mahali. Walichopoteza ni kumbukumbu ya jinsi walivyojisikia. Waliokumbuka hofu na fedheha yenyewe ndio waliosema: mwanangu hatapitia haya. Kwa hiyo anayesema "sikuharibika" aulizwe kwa upole swali moja tu: ulipokuwa umejificha kule ukisubiri kuitwa, mwili ulikuwaje? Akicheka na kubadili mada, jibu limepatikana.

Kazi ya kujirekebisha huanza na daftari. Kwa siku 14, kila kelele inapokupandisha mori, andika mistari mitano ndani ya saa moja: saa ngapi, sauti ya aina gani, ulikuwa unafanya nini, mwili ulianzia wapi (taya, tumbo, shingo), na neno la kwanza lililokutoka, lilivyo hasa, usilisafishe. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Baada ya wiki mbili soma maneno yale kwa sauti. Wengi hugundua kwamba sentensi si yao: ni ya baba, mama, au mwalimu fulani, hata lahaja na mapigo yake. Kosa la kawaida ni kuandika siku mbaya tu. Andika pia nyakati ambapo kelele ilikuwa kubwa nawe ukatulia, kwani hizo ndizo zitakazokuonyesha kwamba kinachokuangusha pengine ni njaa, kukatizwa katikati ya kazi, au uwepo wa mtu fulani, huku sauti ikiwa ileile.

Pamoja na daftari, jizoeze kuipa kelele jina kabla ya kuijibu. Sikio lililolelewa kwa ukali huziweka zote katika gunia moja liitwalo utukutu. Kuna ya furaha, ya mchezo wenye mazungumzo, ya ugomvi, ya maumivu na ya uchovu. Honi ni furaha. "Changu! Nipe!" ni ugomvi. Ule ulalamishi wa kuvuta sauti jioni ni uchovu, na dawa yake ni kulala. Jina hutafutwa kimoyomoyo, kwa sekunde tatu. Sekunde hizo hazitoshi kutuliza damu, lakini zinatosha kuzuia ile sentensi isiyo yako.

Halafu shughulikia chumba. Watu wanaopenda kujilaumu hulidharau hili, nao hukosea, kwa maana kelele ni kitu halisi. Ukiongeza umbali kati yako na chanzo cha sauti mara mbili, kwa mfano kutoka mita moja hadi mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 mahali pa wazi. Ndani ya nyumba haipungui kiasi hicho, kwa sababu kuta hurudisha mwangwi. Kwa hiyo kuhamisha meza ya kazi husaidia, lakini vigae vitupu, kuta ngumu na madirisha bila pazia vitaendelea kuirudisha sauti. Zulia, pazia nene, godoro la kurukia na vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti hupunguza mwangwi na ule mkwaruzo wa kero. Plagi za masikio zinazopunguza sauti bila kuifuta ni halali kabisa, mradi unamwona mtoto na unasikia kilio cha maumivu.

Weka na muda. David Glass na Jerome Singer, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1972, waliwafanyisha watu kazi katikati ya milipuko ya kelele. Baadhi yao walipewa kitufe cha kuizima na kuombwa wasikitumie ila ikibidi. Karibu wote hawakukibonyeza, lakini baadaye walifanya kazi kwa uvumilivu kuliko wale ambao hawakuwa nacho, ingawa kelele ilikuwa ileile. Kwa aliyekulia mahali ambapo hakuwa na kauli juu ya chochote, jambo hili ni kubwa. Watangazie watoto, na ujitangazie mwenyewe: treni itasafiri hadi saa kumi na moja kamili. Kelele yenye mwisho unaojulikana huchosha kidogo.

Kwa mwili, silaha iliyo karibu ni pumzi, lakini wengi huitumia kinyume. Wanaambiwa wavute pumzi ndefu, wanajaza kifua kwa nguvu na kuizuia, na moyo unazidi kwenda mbio, kwani mapigo huongezeka kidogo unapovuta na kupungua unapotoa. Refusha kutoa: vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6, mara sita. Hiyo ni dakika moja. Zoezi lifanywe kila siku wakati wa utulivu, maana asiyelizoea hatalikumbuka akiwa ameghadhibika. Ulifunge kwenye ishara maalumu kwa mpango wa "kama hivi, basi vile", ambao Peter Gollwitzer aliuchunguza kwa kina: kama kiti kikikwaruza, basi natoa pumzi na kuweka kalamu chini. Mpango wa "nitakuwa mvumilivu" haufanyi kazi, kwa kuwa hausemi lini wala hausemi nini.

Baada ya hapo nenda ulipo mtoto. Simama au chuchumaa mita moja kutoka kwake, ngoja akutazame, sema kwa sauti ya chini kuliko yake, sentensi moja inayosema afanye nini: "Honi ya ndani ni hii," kisha mpigie honi ya kunong'ona. Neno "nyamaza" halimwambii cha kufanya na mdomo wake. Akiipatia, mwambie papo hapo, "hiyo ndiyo honi niliyoitaka."

Tarajia siku za kwanza ziwe mbaya zaidi. Watoto waliozoea mfoko watapandisha kelele wakiutafuta, maana ndio mpaka wanaoujua. Hapo wengi hukata tamaa na kusema upole haufai. Wewe mwenyewe pia utarudi nyuma. Woga uliofunzwa hauondoki. Kinachotokea ni funzo jipya kuwekwa juu yake, na funzo la zamani hurudi ukichoka, ukiugua, au mahali pakibadilika. Ukifoka, rekebisha siku hiyohiyo kwa maneno mafupi: "Nilikufokea. Ilikuwa hasira yangu, si kosa lako. Honi bado ni ya kunong'ona." Usiweke "lakini wewe nawe" mwishoni, na usilie mbele yake hadi abaki anakubembeleza; hapo umempa zamu ya ulinzi uliyokuwa nayo wewe.

Yapo mambo yasiyotoshwa na daftari. Ukiinua mkono, usipokumbuka vizuri ulichosema ulipokuwa na hasira, au watoto wakinyamaza ghafla kila unapoingia nyumbani, tafuta mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Hilo la mwisho watu hulisifia kama adabu. Sikiliza sauti inayokufa unapotia ufunguo mlangoni.

Mtihani mgumu kuliko yote huja familia inapokwenda kuwatembelea wazazi waliolea kwa ukali huo. Mwili umerudi mahali ulipofunzwa, na mtu aliyekuwa mpole kwa miezi sita anaweza kumfinya mtoto kabla kikao hakijapoa, wakati babu hata hajasema neno. Jipange kabla ya kufika. Ulizia mahali pa watoto kuchezea nje, na fupisha ziara ya kwanza. Kubaliana na mwenzako ishara ya kukutoa kidogo barazani. Sentensi ya kumwambia mzazi iwe tayari mdomoni, yenye heshima na yenye mwisho: "Baba, wanacheza tu. Wakizidi nitawatoa nje mwenyewe." Akisema wewe ulikuwa hupigi kelele hivyo, mjibu, "Ni kweli, Baba, nilikuwa kimya sana," kisha uinuke ukawatoe watoto nje kama ulivyoahidi.